Pete ya Mtutu na Ombi Moja

Hapo zamani, katika nchi ya Mtemi Ngelela, kulikuwa na bunduki moja, risasi thelathini na mamba mmoja. Bunduki iliachwa na askari waliopita katika vita ambavyo havikuwa vyetu. Risasi zilikuja nayo ndani ya sanduku la bati, zikapungua mpaka zikabaki hizo thelathini, na hazikuja nyingine. Mamba alikuja mwenyewe.

Mamba akakaa kivukoni. Mwaka wa kwanza akachukua mbuzi. Mwaka wa pili akachukua ndama. Mwaka wa tatu akamchukua Kasubi, mume wa Nyanzobe, mchana kweupe, watu wakiona. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka, na mashamba ya ng'ambo yakaota magugu.

Mtemi akapiga mbiu: "Mamba huyu akifa, aliyemuua aje mbele yangu na ombi. Nitalitimiza hata likiniuma. Lakini ni ombi moja, la mdomo mmoja."

Watu watatu walikuwa na ombi.

Wa kwanza ni Mihayo, mwindaji wa Mtemi. Katika nchi ile mwindaji wa Mtemi haweki bunduki chini mpaka afe, na Mihayo alikuwa amechoka. Aliua wanyama wengi tangu ujana wake, na sasa kila alipofumba macho aliyaona macho yao. Alitaka kuomba ruhusa ya kukaa nyumbani, basi.

Wa pili ni Lugembe, mhunzi. Mwanawe alifukuzwa nchini kwa sababu ya moto uliounguza ghala, ingawa hakuna aliyemwona akiuwasha. Lugembe alitaka kuomba mwanawe arudi.

Wa tatu ni Nyanzobe, msusi wa mikeka, mjane wa Kasubi. Ndugu za marehemu walikwisha kumwambia: mwaka wa matanga ukiisha, achague mmoja wao awe mume wake, au aiache nyumba. Alitaka kuomba abaki katika nyumba yake, peke yake, na mlango wake mwenyewe.

Lipi kati ya maombi hayo ni zito zaidi? Mimi nimejaribu kuyapima, nikaacha.

Sasa, mamba yule alikuwa na kawaida ya kuota jua juu ya mwamba katikati ya mto, hatua mia mbili kutoka ukingoni. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama kigae. Hapakuwa na pa kumpiga ila jicho. Na bunduki ile ilikuwa ikitawanya: ukifyatua mara tano mahali pamoja, matundu yanaenea ungo mzima.

Lugembe akaishika bunduki, akaugonga mtutu kwa ukucha, akausikiliza kama mtu anayesikiliza uzi wa zeze.

"Bwana Mihayo," akasema, "bunduki ikilia, mtutu huu unatikisika. Ncha inapanda, inashuka. Risasi ikitoka ncha ikiwa inapanda, inakwenda juu. Ikitoka ncha ikiwa inashuka, inakwenda chini. Umeona bembea? Ikifika mwisho wake husimama kidogo kabla ya kurudi. Tukiiwahi risasi itoke pale panaposimama, zote zitapita njia moja."

"Na utaiambiaje risasi isubiri?"

"Siiambii risasi. Nauambia mtutu. Nitauvika uzito nchani."

Akafua pete nene ya chuma. Kwa tupa akachonga hesi ndani ya pete na hesi juu ya ncha ya mtutu, mistari inayozunguka kama ya ganda la konokono, siku kumi na moja za kazi. Ukiizungusha pete huku, inasogea mbele kidogo. Ukiizungusha kule, inarudi nyuma kidogo. Akapiga alama saba kwa patasi, ili mtu ajue amefika wapi.

Wakaenda kujaribu. Nyanzobe akaombwa mkeka mmoja wa kutundika, akaupaka duara la masizi katikati. Mihayo akafyatua, risasi ikaenda kushoto. Wakazungusha pete. Akafyatua, ikaenda juu. Wakazungusha pete. Akafyatua, ikaenda chini. Wakaizungusha tena. Mara sita walifyatua, mara sita wakazungusha, na mkeka ukawa kama umeliwa na panya.

Nyanzobe, aliyekuwa amekaa pembeni mwa shabaha, akaja na mkeka wake mkononi.

"Mnalikimbiza tundu," akasema.

Mihayo akacheka. Kasubi alikuwa rafiki yake, kwa hiyo alimwita mjane wake shemeji. "Shemeji, nani amekufundisha bunduki?"

"Hakuna. Nimefundishwa mkeka, na mikeka ndiyo mnayoitoboa. Risasi moja ni uvumi, shemeji. Risasi tatu ni habari. Kaeni kwenye alama moja, mfyatue mara tatu, pete isiguswe. Kisha mhamie alama ya pili, kwa mkeka mwingine. Ukibadili rangi na upana wa ukili unaousuka siku moja, mkeka ukipinda utamlaumu nani?"

Lugembe akasema, "Ana neno."

"Ana neno, lakini asiisogelee bunduki," akasema Mihayo. Maana katika nchi ile mwanamke hagusi silaha ya uwindaji. Akiigusa, hufukizwa dawa siku saba.

"Sina haja nayo," akasema Nyanzobe. "Mkono uwe wako. Mimi nitasema tu."

Basi Nyanzobe akasema na Mihayo akafanya. Alama ya kwanza, risasi tatu, mkeka wa kwanza: matundu yalikaa mbalimbali kama kuku waliofukuzwa. Alama ya pili, risasi tatu, mkeka wa pili: yalisimama moja juu ya jingine, marefu kama mkono. Alama ya tatu, yakaanza kukaribiana. Alama ya nne, unayafunika kwa kiganja. Alama ya tano, unayafunika kwa yai la kuku. Alama ya sita, kiganja tena. Alama ya saba, yakatawanyika.

Akaitandaza mikeka saba chini kwa mpangilio wake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umekula risasi ishirini na moja, shemeji!" Mihayo akalalamika. "Zimebaki tatu. Mamba hajapata hata moja."

"Hajapata hata moja ya kumkosa," akajibu Nyanzobe. "Wekeni alama ya tano. Ya nne ni nzuri, ya sita ni nzuri, na ya tano iko katikati yao. Nimechagua katikati makusudi. Hata mambo yakibadilika kidogo, bado tumo."

Lugembe akaifunga pete kwenye alama ya tano kwa ukanda wa ngozi, akaukaza sana.

Asubuhi waliyokwenda mtoni ilikuwa ya baridi, umande mweupe juu ya nyasi. Mihayo akalala kifudifudi ukingoni, Lugembe ubavuni pake. Nyanzobe akasimama nyuma hatua kumi, kama desturi ilivyotaka. Mamba akapanda mwambani.

Mihayo akafyatua. Risasi ikapita juu ya jicho kwa upana wa vidole viwili, ikavunja kipande cha mwamba. Mamba akateleza majini. Lakini kwa baridi ile, alihitaji jua kuliko alivyoogopa kelele; baada ya muda si mrefu, pua ikatokea, kisha kichwa, kisha akapanda palepale.

Katika muda huo mfupi Mihayo alikuwa amefungua ukanda. Akaizungusha pete upana wa ukucha, kuelekea alama ya sita.

"Shemeji, usiiguse!" Nyanzobe akanong'ona kwa nguvu. "Ulivuta pumzi! Nimeuona mgongo wako ukipanda!"

"Baridi imeubadili mtutu. Wewe unaujua kwa mikeka. Mimi naujua kwa shavu."

Akafyatua. Risasi ikaingia jichoni. Mamba akajipindua, akaupiga mwamba kwa mkia, maji yakaruka juu. Mihayo akafyatua ya mwisho kooni, penye ngozi laini iliyogeuka juu, na mamba akatulia.

Watu wakavuka siku hiyohiyo wakiimba. Na wale watatu wakasimama mbele ya Mtemi.

Mihayo akasema: "Mtemi, risasi iliyoua ilitoka mkononi mwangu. Pete ikiwa pale alipotaka mama huyu, tulikosa. Nilipoisogeza mimi, tulipata. Naomba niiweke bunduki chini."

Lugembe akasema: "Mtemi, kabla ya pete, Mihayo alikuwa na bunduki hiyo miaka mingi na mamba akaendelea kula. Wao walibishana iwe wapi. Mimi ndiye niliyewapa cha kubishania. Naomba mwanangu."

Nyanzobe akasema: "Mtemi, pete bila mahali pake ni bangili tu. Waliichezea risasi sita wakapata mkeka mbovu. Mimi nilipatafuta mahali pake. Ukucha alioisogeza shemeji haukutoka nje ya mahali nilipopaona. Hakukosa kwa sababu ya alama yangu. Alikosa kwa sababu ya pumzi yake. Mwaka wa matanga unaisha keshokutwa. Naomba mlango wangu."

Nyuma yake ndugu za Kasubi walikohoa.

Mtemi akamgeukia mwindaji. "Mihayo, ulivuta pumzi?"

Mihayo akatazama mikono yake. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angembishia ila mwanamke mmoja aliyesimama hatua kumi nyuma.

"Mtemi," akasema, "sijui. Nilikuwa nikilitazama jicho. Labda nilivuta. Labda ilikuwa baridi. Naapa sijui."

"Basi jambo ni jepesi," akasema Mtemi. "Kesho asubuhi, baridi ikiwapo, irudisheni pete alama ya tano, mfyatue mara tatu. Kisha isogezeni ukucha, mfyatue mara tatu. Tutajua."

Nyanzobe akainamisha kichwa. Lugembe akaliinua sanduku la bati, akalipindua mbele ya watu wote. Haikudondoka hata risasi moja.

Mtemi aliwatazama mmoja mmoja mpaka kivuli cha nyumba yake kikawafikia miguuni. Alikuwa ameahidi ombi moja, la mdomo mmoja, na neno la Mtemi halirudi. Mbele yake palikuwa na mtu aliyechoka kuua, baba anayemtaka mwanawe, na mwanamke aliyebakiza siku mbili.

Akasema, "Mimi nimeshindwa. Waulizeni watakaosikia."

Basi ninyi mmesikia. Mmoja aliitengeneza pete, mmoja alipajua mahali pake, mmoja aliisogeza akafyatua. Je, nani alistahili ombi lile?