Tundu Ubavuni mwa Chungu

Waliosema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakumaanisha kwamba hunyimwa tamu tu. Wakati mwingine hupewa, tena huwekewa na sahani, na bado asiipate. Ukitaka ushahidi, nenda kijiji cha Amaokwe umuulize Okwudili ladha ya paja la mbuzi. Akikununia, muulize mama yake.

Ilikuwa wiki ya mkutano wa Agosti, wiki ambayo wake wote wa Amaokwe hurudi kijijini kutoka Lagos, Aba na Kaduna, kila mmoja na mizigo yake na maneno yake. Jumamosi ya wiki hiyo hushindana kwa ngoma na wake wa Umuezike, kijiji jirani, na washindi huondoka na mbuzi. Amaokwe walikuwa wameshindwa miaka mitatu mfululizo, na wenzao wa Umuezike walikuwa wamewatungia wimbo wa kuwapa pole. Safari hii walijiapiza. Walifanya mazoezi mpaka nyayo zikaota sugu.

Basi Jumatano asubuhi, mama aliyekuwa amejitwika udu yao alijikwaa penye ngazi za kanisa. Udu ni chungu, ila ni chungu cha kupigwa. Juu kina mdomo kama chungu chochote, na ubavuni kina tundu la pili ambalo mpigaji hulifunika na kulifunua kwa kiganja. Ilipoanguka haikubaki hata kigae cha kuchotea majivu. Mfinyanzi hulikata tundu lile udongo ukiwa bado mbichi, kisha chungu hukaushwa na kuchomwa kwa muda wa wiki mbili. Jumamosi ilikuwa imebakiza siku tatu tu.

Mpigaji wao alikuwa Nwanyieke, mke mkongwe kuliko wote, aliyeipiga udu kwa miaka arobaini. Nyumbani alikuwa na vyungu viwili vya maji alivyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Akakitoa kimoja, akakiweka uani mbele ya wenzake.

"Sauti imo humu," alisema. "Inakosa mlango tu. Nani atautoboa?"

Sasa mbuzi wa ushindi, pale Amaokwe, kila kiungo chake kina mwenyewe, na paja ni la aliyeitengeneza ngoma. Okwudili, kitinda mimba wa Nwanyieke, alikuwa likizo kutoka kwenye kazi zake za ujenzi Onitsha. Aliposikia habari za paja akasimama kabla mama yake hajafunga kinywa.

"Mama, huu ni udongo tu! Mimi nimetoboa zege la nguzo za daraja!" Akaleta keekee yake ya umeme, kubwa kama mguu wa meza. "Paja langu mniwekee na viazi vikuu. Pilipili isikose."

Olaedo, mke wa kaka yake, alikuwa fundi wa vigae huko Aba, na mikono yake ilikuwa imetoboa kuta za mabafu yasiyo na idadi. Akasogea taratibu.

"Shemeji, mashine hiyo inapiga huku ikizunguka. Zege litastahimili. Chungu hakitastahimili."

"Mke wetu, wewe rudi kwenye vyoo vyako. Hii kazi ya wanaume."

"Eee-he!" wanawake wakaguna kwa pamoja, wakafunga mikono vifuani kutazama.

Okwudili aliweka ncha ubavuni mwa chungu, akaegemeza na kitambi juu yake, akabonyeza. Chungu kilisema "kach!" mara moja tu, kikalala vipande vitatu.

"Okwudili," sauti ikatoka nyuma, "umetoboa au umefungua?"

"Mpeni paja la chungu!" mwingine akadakia.

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu ndani yake. Nwanyieke hakucheka kabisa. Aliingia ndani, akakikumbatia chungu kilichobaki, akaapa kwamba hakiguswi. Afadhali washindwe tena, alisema, kuliko yeye kufa bila kitu kimoja cha mama yake. Na bila chungu hapakuwa na udu, na bila udu Amaokwe wangebaki Jumamosi wakiimbiwa pole mwaka wa nne.

Olaedo hakumwomba chungu. Aliokota kipande kimoja cha kile kilichovunjika, akaondoka nacho. Kesho yake asubuhi alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kumkabidhi kipande kile. Kilikuwa na matundu matano. Nwanyieke alipitisha kidole kwenye kingo za matundu, moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa limemeguka. Manne yaliyobaki yalikuwa laini kama midomo ya filimbi.

"Hili la kwanza limepatwa na nini?"

"Nililikimbiza, Mama."

"Na haya mengine?"

"Kila moja, muda wa kumenya kiazi kikuu kizima bila kujimenya na kidole."

Ajuza akatabasamu kidogo. "Na changu kikivunjika?"

Olaedo angeweza kuapa kwamba hakitavunjika, maana kuapa ni rahisi. "Kikivunjika, Mama, tutakaa chini tulie sote wawili."

Nwanyieke akamsukumia chungu. "Kichukue kabla sijaghairi."

Olaedo alikijaza mchanga uliolowa, akaushindilia mpaka ukuta wa chungu ukapata kitu cha kuegemea kwa ndani. Akakilaza ubavu juu ya vitenge vikuukuu, akabandika utepe wa gundi ili ncha isiteleze. Akakiomba kiganja cha mama mkwe wake, akachora duara dogo kuliko kiganja hicho, na kulizunguka duara lote akatia alama ishirini na nne za matundu madogo yaliyokaribiana. Ndipo akatoa keekee yake ndogo ya betri, isiyopiga wala kupiga kelele, yenye ncha ya kutobolea vigae.

Okwudili akaja, kichwa chini. "Mke wetu, nikushikie nini?"

"Shika kikombe cha maji. Unidondoshee hapa penye ncha. Tone, shemeji, siyo mto."

Kazi ikaanza. Ncha ilizunguka polepole, maji yakadondoka, tope jekundu likachuruzika. Tundu la kwanza likapita, la pili likafuata. Wanawake walipoanza mazoezi ya ngoma jirani na ua, ardhi ikatikisika, Olaedo akazima keekee na kuwafukuza wakacheze mbali. Waliondoka kwa ncha za vidole, watu wazima na makalio yao, kama wezi wa kuku.

Kwenye tundu la kumi Okwudili akashindwa kuvumilia. "Kandamiza basi, limekaribia kutokea!"

"Likikaribia ndipo ninapopunguza nguvu. Chungu hupasukia upande usiouona."

Kwenye la kumi na tisa ncha ikaanza kulia. Olaedo akaiweka ipoe, akakaa, akala karanga. Okwudili alimtazama akitafuna moja moja, jasho likimtoka kana kwamba ni yeye aliyekuwa akitobolewa.

Jua lilipopinduka, tundu la ishirini na nne likapita. Kibamba cha katikati sasa kilikuwa kimeshikiliwa na vijisehemu vyembamba tu kati ya tundu na tundu. Okwudili, kwa furaha, akanyakua nyundo.

"Weka chini!" Ua mzima ukapiga yowe. Hata Nwanyieke, na ukongwe wake, aliruka akasimama.

Olaedo alitumia wembe wa msumeno wa chuma, akavikata vijisehemu vile kimoja kimoja. Kibamba kikalala juu ya mchanga bila kishindo. Akazisugua kingo kwa jiwe lililolowa mpaka zikawa laini, akaumwaga mchanga, akakisuuza chungu, na kumwekea mama mkwe wake mapajani.

Nwanyieke alifunika tundu kwa kiganja. Lilimwenea. Akapiga ubavu kwa mkono wa pili, akafunua.

Duuuum.

Sauti ilipita chini ya nyayo zao. Kuku wakatawanyika, vigelegele vikapanda, na Nwanyieke akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Mama yangu alikuwa amekaa humu kimya miaka yote hii!" alisema, akapiga tena, na tena.

Jumamosi Amaokwe walicheza mpaka vumbi likapanda mabegani. Mkuu wa wake wa Umuezike alikuja mwenyewe kuchungulia lile tundu. "Hii udu mmenunua wapi?" aliuliza, wala hawakumwambia. Mbuzi akaenda Amaokwe, na furaha ya siku ile haina kipimo.

Wakati wa kugawa nyama, Okwudili alikuwa ameshakaa mbele na sahani yake, viazi vikuu juu yake. Nwanyieke alilinyanyua paja, akalipitisha taratibu chini ya pua ya mwanawe, akaliweka kwa Olaedo.

"Mama! Na mimi niliyeshika maji?"

"Aliyeshika maji haki yake ni mchuzi," mama akajibu, akamjazia bakuli kutoka kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota. "Ngoja upoe."

Alikuwa akisema na bakuli, maana Okwudili alikwisha kulipeleka kinywani. Aliruka, akapuliza, akazunguka ua mzima ulimi ukiwa nje kama wa mbwa aliyetoka kuwinda. Olaedo akamwonea huruma. Alikata kipande kinono cha paja, kile cha karibu na mfupa, akamtilia mkononi.

Okwudili alitafuna. Akatafuna tena. Macho yakamjaa machozi.

"Vipi shemeji, tamu?"

"Thijui," alisema na ulimi wake uliobabuka. "Thithikii kitu."

Watu wakaanguka chini kwa kicheko, naye mwenyewe mwishowe akacheka nao, akiushikilia ulimi. Nwanyieke akaipakata udu, akafunika tundu, akapiga, akafunua, na wake wote wa Amaokwe wakaitikia kwa sauti moja: mwenye pupa hadiriki kula tamu.