Kwa Nini Kisu cha Mhunzi ni Cheusi Mgongoni

Kisu cha mhunzi wa kwetu mnakijua. Kinene, kizito, cheusi tangu mpinini mpaka nchani, isipokuwa ule ukingo mwembamba wa makali ndio unaong'aa. Hakikunjwi wala hakifichwi mfukoni. Chuma kimeingia ndani ya mti na hakitoki. Kila nyumba ina kimoja, na mwenye nyumba akikwambia hana, ujue hataki tu kukuazima. Lakini msidhani visu vilizaliwa hivyo.

Palikuwa na wakati, babu za babu zangu hawajaota hata meno, visu vyote vya milima hii viling'aa mwili mzima. Mhunzi akishafua chuma, hapo ndipo kazi ilipoanza. Alikaa kijitoni na mchanga na mawe laini, akasugua mwezi ukaandama na mwingine ukaandama, mpaka mtu akikishika kisu anaona meno yake mwenyewe humo. Kwa kusuguliwa huko chuma kiliisha, kisu kikatoka chembamba kama jani. Bei yake ilikuwa mtamba wa ng'ombe, maana mhunzi naye alikula siku zote alizokuwa akisugua. Kwa hiyo waliokuwa na visu ni wanaume wenye mazizi. Walivivaa kiunoni na kuvitumia kujitazamia ndevu. Wanawake, ambao ndio wenye vitu vya kukatwa, walikata kwa vipande vya mwanzi, kwa mawe makali, na kwa meno. Ukitaka kisu ulikwenda kuomba, na kuomba kwenyewe kulikuwa na adabu zake: upige magoti, usifie ndevu, ungoje.

Nangasu aliyachoka magoti hayo. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono ya kubeba mawe, na alikuwa na binti mmoja tu, Naetwe. Naetwe alimpenda kijana wa kilima cha pili, naye kijana alimpenda mpaka akakonda, jambo ambalo Nangasu aliliona ni la kipumbavu lakini lenye dalili njema. Shida ilikuwa bega. Desturi ya wakati huo ilitaka mama wa bibi harusi amkabidhi mama wa bwana harusi bega la fahali, limekatwa na mfupa wake, kabla jua halijagusa ukingo wa mlima. Shoka halikuruhusiwa kugusa nyama ya harusi, wala jembe. Ni kisu tu. Bega lisipotoka, wageni huinuka wakaenda zao, na bibi harusi hubaki kwa mama yake. Mwaka uliotangulia wageni walikuwa wamekwisha kuondoka hivyo mara moja, kwa sababu Kibacha, mwenye kisu cha pekee cha kijiji, alikunywa pombe ya asubuhi akalala mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kumvua kisu kiunoni. Wakwe walisema watarudi mara hii tu. Wakikosa bega tena, kijana ataolewa kwingine. Ndivyo walivyosema, ataolewa, kwa kuwa walikuwa na hasira, na Nangasu alicheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani ingawa moyo ulikuwa unamwuma.

Siku ya harusi Kibacha alikuja mzima na macho makavu. Nangasu alikuwa amemtumia watu tangu alfajiri wa kumkalia mlangoni. Ngoma zikapigwa, fahali akachinjwa, na Kibacha akakata nyama kwa madaha, kila kipande akikiinua watu wakione. Alipofika kwenye bega alikanyaga mguu wa fahali, akashindilia kisu penye mfupa, na kisu kikakatika katikati kama mhogo mkavu. Nusu ilibaki kwenye nyama, nusu mkononi mwake. Kibacha akakaa chini akakilia. Watu wakampa pole yeye. Hakuna aliyetazama bega, isipokuwa Nangasu, na mama wa bwana harusi aliyekuwa amekwisha kugeuza kichwa kulitazama jua.

Nangasu aliwaambia akina mama waendelee kuimba na wasinyamaze hata koo zikauke, kisha akajifunga nguo kiunoni akateremka bondeni kwa Senkoro mhunzi.

Senkoro alikuwa mzee wa maneno machache na majivuno mengi. Siku ile alikuwa ametoka kufua kisu cha ndugu wa mtemi. Kilikuwa kimelala kwenye jivu, kinene, cheusi, chenye alama za nyundo mgongoni, bado hakijaonja hata jiwe moja. Nangasu akakiinua. Akakipima uzito, akakigonga kwenye fuawe, kikalia vizuri. Akamwambia anakitaka sasa hivi. Senkoro alicheka kwanza, halafu alipoona mwanamke hacheki, akaeleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba hicho si kisu bado. Hicho ni kisu kilicho uchi. Ukoo wake haujawahi kutoa kitu cheusi nje ya kiwanda, na hatakuwa yeye wa kwanza kuchekwa.

"Mzee Senkoro," Nangasu akasema, "kisu cha Kibacha umekisugua wewe miezi miwili, na sasa hivi kimevunjika mbele ya wakwe zangu. Hivyo wanakucheka tayari. Mimi nataka kukata mfupa. Kujitazama, nitajitazama kwenye mtungi wa maji."

Habari ya kuvunjika kwa kisu ilimwingia Senkoro kama moshi machoni. Kisha akauliza ni mfupa gani, na alipoambiwa ni wa bega la fahali, akainuka mwenyewe akachochea makaa.

Nangasu alikamata mivukuto. Aliivuta na kuisukuma mpaka moto ukaimba, na Senkoro, ambaye watoto wake wa kiume walikuwa wote harusini wakinywa, alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuwa na moto mzuri kama ule. Akakipasha moto kisu ubavu wa makali peke yake, akakizamisha majini, kikanguruma. Akanoa ukingo juu ya kinoo huku Nangasu akimwagia maji, ukingo tu, kwa kuwa jua halikuwa linamngoja mtu. Mgongo wakauacha na weusi wake wa motoni. Mpini haukuwapo; pembe ya kuchonga mpini ingetaka siku nzima. Nangasu akaona mchi uliovunjika penye kuni, mti mgumu uliokwisha kuzoea kupigwa. Senkoro akaupasha moto mkia wa chuma, akauchomeka ndani ya mti ule, moshi ukatoka, akaugongomea mpaka ukazama wote. Akakitikisa kisu. Hakikucheza. Akakitazama kwa aibu, akamkabidhi, na akamfuata nyuma, maana hakuweza kuvumilia kutoona.

Walipofika, wageni walikuwa wamekwisha kuinuka. Mama wa bwana harusi alikuwa amejitwika kikapu. Naetwe alikuwa amesimama mlangoni, uso umekauka, na kijana wake alikuwa amekaa chini amekataa kuinuka, akivutwa na wajomba wawili kama mbuzi. Kibacha, aliyekwisha kufuta machozi, alikiona kile kitu mkononi mwa Nangasu akapata nafuu ya ghafla.

"Hicho kisu kimeungulia chunguni?" akauliza kwa sauti ya watu wote.

"Ndiyo, bwana mkubwa," Nangasu akamjibu. "Na chako kiko wapi?"

Watu walicheka mpaka waliobeba mizigo wakaitua. Katika kicheko hicho Nangasu aliweka makali juu ya mfupa, akachukua gogo la kuni, akapiga mgongo wa kisu. Akapiga tena. Mfupa ukapasuka kama muwa, bega likalala pembeni. Kisu hakikuwa na pengo wala mkwaruzo. Nangasu akaliinua bega kwa mikono miwili akampa mkwewe, na jua lilikuwa bado limebakiza nafasi ya kupita mbuzi chini yake. Vigelegele vikapigwa. Naetwe akatoka mlangoni mbio, bila adabu yoyote, na wajomba wakamwachia kijana.

Lakini mama wa bwana harusi hakulitazama bega. Alilikabidhi kwa mtu mwingine, akaomba kisu. Akapasua nacho kuni. Akachimbua nacho jiwe lililokuwa linasumbua jiko. Akakata mgomba mzima kwa mapigo mawili, mgomba ambao haukuwa wake, na akakata muwa akaumenya. Wanawake wakapanga mstari nyuma yake, kila mmoja na kitu chake kigumu. Mwisho akamgeukia Nangasu. "Mkwe, bega libaki kwako. Mimi nipe hiki."

Nangasu akamjibu kwamba binti amempa, bega amempa, na kisu asithubutu kukitaja tena. Ila mwenye kufua yuko pale, aulizwe.

Senkoro hakuwahi kuuza uzito. Alikuwa akiuza mng'ao. Hakujua bei. Alianza kusema mtamba, kisha akaona aibu mwenyewe, kwa kuwa kazi yote ilikuwa imeisha wakati wimbo mmoja wa harusi ulikuwa bado unaimbwa. Nangasu akamsaidia. Akasema jogoo.

Jioni ile, wanaume waliobaki ngomani walijikuta wanacheza peke yao. Wanawake wa vilima viwili walikuwa mashambani wanafukuza kuku, wenye nguo za harusi na mafuta mwilini, wakigombania majogoo, na mama wa bwana harusi alianguka kwenye shimo la mihogo akatoka na jogoo wawili ambao hakuna anayejua walikuwa wa nani. Senkoro alikula kuku mpaka akawachoka.

Na tangu siku hiyo kisu cha mhunzi wa kwetu kina mgongo mweusi na makali meupe, unene wa kupigwa gogo na bei ya kumudu mjane. Mnunuzi huja sokoni na mfupa wake au gogo lake, hupiga mbele ya mhunzi, na mhunzi anayekataa kupigiwa hurudi na mzigo wake nyumbani. Wageni kutoka nje ya milima hii wakinunua hudhani ule weusi ni uchafu. Hukaa kijitoni na mchanga, wakasugua, wakasugua. Nasi huwa tunapita na kuni zetu kichwani, tunawasalimu vizuri, tunawaacha wasugue.