Kwa Nini Mjumbe wa Isela Hubeba Maji Mdomoni

Zamani hizo watu wa Isela walikuwa na mwendo mmoja tu wa kukimbia. Aliyetumwa kipupwe na aliyetumwa kiangazi walikimbia sawasawa. Mjumbe akitoka Isela mbuzi wakifunguliwa, alitakiwa awe Mlimbo, ng'ambo ya uwanda, kabla mbuzi wa kule hawajafika malishoni. Hakuna aliyedhani kwamba jua lingeweza kubadili kipimo hicho.

Masinjisa aliwapita wajumbe wote. Mkewe, Nyemo, alikuwa na mimba ya kwanza, na mkunga wa karibu, Bibi Mwendwa, aliishi Mlimbo. Wanawake walimwambia Nyemo asiwe na hofu, kwa kuwa ameolewa na miguu.

Uchungu ulimshika mwezi wa joto, saa sita mchana, upepo ukiwa umesimama. Masinjisa alikaza shuka kiunoni. Nyemo, aliyekuwa ameegemea nguzo ya nyumba, alimsihi aende taratibu.

"Jua hili si la asubuhi, baba. Nitakusubiri."

"Taratibu waachie shemeji zangu," akasema Masinjisa. "Hata harusini kwetu walifika sufuria zinaoshwa."

Nyemo alicheka huku ameshika tumbo. Ndivyo walivyoachana.

Alikimbia mwendo wake wa kipupwe. Hadi nusu ya uwanda hakuona tofauti, ila moyo ulikuwa ukienda mbio kuliko miguu. Kisha jasho lilikauka, akaanza kusikia baridi. Alidhani ni nafuu, akaongeza mwendo, akaanguka kwenye korongo kavu. Wanawake waliokuwa wakichimba maji mchangani walimvuta kivulini, wakamuuliza ametumwa nini. Akawatajia mbuzi wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Walimlowesha, wakangoja. Jua lilikuwa limeinama alipokumbuka, na mmoja wao akaenda kumwita mkunga.

Bibi Mwendwa alipofika Isela alimkuta mtoto hai, mikononi mwa jirani. Nyemo alikuwa amekata roho muda mfupi uliopita. Mikono yake ilikuwa bado na joto. Masinjisa aliingia nyuma ya mkunga akijikokota, akauliza kama angewahi iwapo angekimbia zaidi.

"Ungetembea," alisema Bibi Mwendwa, "ningemkuta."

Hakusema kwa ukali. Aliulizwa, akajibu.

Baada ya matanga, Masinjisa alimkabidhi mama yake mzazi yule mtoto, akarudi uwandani. Kiangazi chote, saa ileile, alikwenda na kurudi, akitafuta mahali ambapo mwendo huanza kuwa wa hatari. Kuisikiliza miguu hakukumsaidia, kwa sababu miguu ilimwambia mambo ni mazuri mpaka ilipokunjika. Mwishowe alijaza maji mdomoni asiyameze. Hapo aliona kwamba anayekwenda kadiri ya joto hupumua kwa pua, na anayezidisha hulazimika kufumbua mdomo. Maji humwagika mapema, mtu angali na akili zake. Penye kivuli aliweza kukimbia kidogo. Penye uwazi alitembea tu. Siku moja alifika Mlimbo mashavu yamejaa, akayatema maji mlangoni kwa Bibi Mwendwa, akamweleza ametoka wapi na kwa njia gani. Maneno yake yalikuwa yamenyooka. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha ndani.

Na tangu siku hiyo, anayetumwa juani kutoka Isela huondoka na maji mdomoni, na hakuna anayemhimiza akimbie. Akifika haamkii mtu. Husimama mlangoni, akayamwaga maji chini, ndipo husema alichotumwa. Wageni huiona kuwa ni adabu tu. Lakini wenye nyumba huyatazama yale maji yakiingia ardhini. Wakiyaona, wanajua kwamba mjumbe alikwenda kama joto lilivyomruhusu, na kwamba, hata kama amemkuta mtu amekwisha kufa, hakuna mwendo mwingine ambao ungemfikisha mapema zaidi.