Feni Iliyomuumbua Mzee Nukta

Mwenye ugonjwa akiuficha, haudanganyi ugonjwa, anajidanganya mwenyewe. Utakua tu, mpaka siku umwaibishe mbele za watu. Ndiyo maana wakubwa zetu walituonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Asiyeamini na amtazame Mzee Nukta.

Mzee huyu alikuwa msahihishaji wa miswada ya vitabu, na jina hilo alibandikwa kwa sababu nukta moja ikikosekana, chakula hakimpiti kooni. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye kompyuta mpakato iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Mkewe alilalamika mpaka sauti ikamkauka: "Baba watoto, hilo dude lako litatulipukia!" Mzee kimya, macho kwenye kioo, ametulia kama maji mtungini.

Jamani, kuna kinachouma kuliko kutojibiwa na mtu uliyezeeka naye? Mwanzoni mama wa watu alidhani ni kazi nyingi. Baadaye akaamini amechokwa. Alimwambia mgongo unamuuma, akachekewa. Alimsimulia habari za mjukuu, akaambulia "Mm." Mimi ningeondoka zamani. Yeye alivumilia mpaka asubuhi moja alipofungasha nguo zake aende kwa dada yake, na safari hii hakupanga kurudi.

Asubuhi hiyohiyo kompyuta ilizimika ghafla. Mzee akamtumia ujumbe binti yao, fundi wa kompyuta. Siku hizo hakupiga simu kabisa. Binti akaja na vifaa vyake.

"Inazimika ovyo, mwanangu, na mswada unasubiriwa," mzee alisema.

Binti aliigeuza kompyuta. Chini ilikuwa ya moto kama pasi. Alipoiwasha, feni ikapiga mayowe sebule nzima.

"Unaona?" mzee akasema kwa fahari. "Haina kelele hata kidogo. Kosa lake ni kuzimika tu."

Binti alidhani ni utani. Akamtazama baba yake usoni, utani hakuuona. Moyo ukampasuka, lakini akaendelea na kazi. Aliizima, akafungua skrubu na kutoa mfuniko. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye matundu ya kutolea joto kama kipande cha blanketi. Aliyazuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, akalisugua vumbi lote kwa brashi, akafunga na kuiwasha tena. Safari hii feni ilipumua polepole kama mtoto aliyelala.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni na begi lake, nyuma ya mumewe. "Haya, mimi naenda zangu," alisema.

Mzee aliendelea kufuta miwani.

"Mama," binti akasema, "hebu rudia."

"Nasema naondoka, nawaachia nyumba yenu!"

Mzee akaipuliza miwani, akaivaa.

Begi likamponyoka mama. Alizunguka meza, akakaa mbele ya mumewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Mume wangu, husikii?"

Mzee aliisoma midomo yake, kisha akaliona begi sakafuni. Machozi yakamtoka bila haya. "Sisikii vizuri tangu mwaka jana. Niliogopa utaniona nimekwisha."

"Nami nilidhani umenichoka!"

"Nikuchoke wewe? Sauti yako ndiyo ninayoililia kila siku."

Walilia wote, na binti naye akalia huku akijifanya anaokota skrubu.

Walipompeleka hospitali, daktari hakumbembeleza mzee. Alimwambia wazi kuwa angewahi, sikio la kushoto lingeokolewa. Sasa limebaki la kulia, nalo litasaidiwa na kifaa. Mzee aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Jioni moja alikuwa mezani pake, kifaa sikioni na kompyuta kimya. Mkewe akamsemesha kutoka jikoni, bila hata kupaza sauti: "We mzee, chai inapoa."

"Naam, mke wangu, nakuja."

Mama alisimama na kikombe mkononi. Akamwita tena, hana la kumwambia, ili tu aitikiwe. Mzee akaitika.

Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua. Bahati ya Mzee Nukta ni kwamba feni ilikiwahi kifo.