Muuza Nyama na Kondo la Mtoto Wake

Bisheni. Nasema kuna muuza nyama alitiwa adabu na kipande cha nyama asichoweza kukiuza. Anayetaka kubisha abishe sasa, maana nikimaliza hatabisha. Shule niliiachia darasa la sita, lakini leo nawafundisha hata nyinyi manesi mliojipanga hapo mbele.

Mke wa muuza nyama huyu alikuwa mjamzito. Kila jioni mume alimletea maini na supu ya mifupa, akasimama mlangoni mpaka bakuli litakate. Mtaani alitamba kwamba mwanawe atazaliwa akiuliza ugali uko wapi. Wazee, msicheke, na nyinyi mlitamba hivyohivyo.

Akazaliwa mtoto mwembamba kama kifaranga kilicholoa, anahema kwa shida. Wakunga wakamfunga kifuani mwa mama apate joto. Baba alipochungulia, aibu yake ikageuka hasira. Akasema wodi nzima ikisikia, "Maini yote umekula mwenyewe. Mtoto umemwachia nini?"

Mke akamvuta mtoto karibu zaidi. Mume akatoka, akakaa nje.

Kwa jadi yao, baba ndiye huzika kondo la nyuma. Basi mkunga akamfuata na beseni.

"Baba, wewe ni mtu wa mizani. Hebu nikadirie hili."

Akalitazama kwa jicho la buchani. "Halifiki robo kilo."

"Mengine hufika nusu. Mtoto akiwa tumboni hula na kupata hewa kupitia hapa tu, hana njia nyingine. Mkeo alikula, baba, na alikula kwa ajili yake. Hili ndilo lilikuwa dogo, na hakuna aliyelichagua."

Muuza nyama akalipokea beseni kwa mikono ile iliyozoea shoka. Akaliweka chini, akaenda wodini kuomba radhi.

Tumcheke? Na sisi je? Binti akirudi kwao na ndoa imevunjika, tunasema hakuvumilia. Kijana akishindwa mtihani, tunasema mvivu. Nani kati yetu amewahi kuuliza walifikiwa na nini, na kwa njia nyembamba kiasi gani? Tunatazama kilichozaliwa, tunamhukumu aliyebeba.

Naona mnaitikia amina. Ngojeni. Kuna kipande nimewaficha, kwa sababu nilitaka mtoke hapa mmefarijika. Baba alipofika wodini, mtoto alikuwa ameshakata roho. Mama alikuwa bado amemkumbatia, akimnong'oneza, "Nisamehe, mwanangu. Nilikula fungu lako."

Alikuwa amemwamini mumewe.