Salamu ya Dobini

Mvuke ulitanda katika chumba cha kunyooshea nguo hata watu wakawa wanatambuana kwa sauti kabla ya sura. Mashuka ya hoteli yaliletwa kwa marobota, yakafuliwa, yakakaushwa, yakapitishwa kwenye mashine ya moto na kutokea upande wa pili yakiwa yamenyooka kama karatasi. Upande huo wa pili ndipo aliposimama mwanamke mmoja kijana ambaye wenzake walimwita Fundi. Jina lilikuwa la utani. Kwao alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na wateja walimngoja bila kunung'unika. Hapa ugenini kazi yake ilikuwa kukunja mashuka.

"Fundi bila cherehani ni sawa na kinyozi bila wembe," Kasuku, aliyekunja naye, hakuchoka kumtania. "Kinyozi angalau anabaki na mdomo. Wewe hata mdomo huna!"

Fundi alitabasamu tu. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi.

Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa mjomba wake. Mjomba alikuwa ameingia humo zamani. Nyuma yake akaingia shemeji yake, nyuma ya shemeji rafiki wa shemeji, mpaka chumba kizima kikawa kinasema lugha moja. Nafasi ilipopatikana, msimamizi hakubandika tangazo. Alimwita Mjomba. Ndiyo maana watu walimpachika jina la Balozi. Mgeni alipofika, Balozi alimpokea kwenye kiwanja cha ndege, akamtandikia godoro sebuleni, na kabla mgeni hajajua kufunga zipu ya koti lake, tayari alikuwa amevaa aproni ya dobi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Balozi alisema, na jembe lake lilikuwa pasi.

Hakuna aliyelala njaa. Fundi alilijua hilo, na kila alipoomba dua alimtaja Mjomba. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kusahau. Akishika sindano kushona kifungo, vidole vilivyovimba kwa joto vilimsaliti, na uzi ukapita kando ya tundu. Hapo aliona kwamba mashuka yale yangemtoa ufundi mikononi polepole, kama rangi inavyochujuka kwenye kitambaa hafifu.

Lugha ya nchi ile, kadiri alivyoijua, alijifunza palepale dobini, na mwalimu alikuwa Mjomba. "Msimamizi akiingia asubuhi hupiga makofi na kupaza neno lake," Mjomba alimweleza alipoanza kazi. "Hiyo ndiyo salamu. Mwitikie vivyo hivyo." Basi kila asubuhi msimamizi alipopaza neno lake, chumba kizima kilimrudishia kwa furaha, naye akatoka akicheka peke yake. "Ana bashasha yule bwana," watu walisema.

Fundi alikuwa amelelewa vyema, hivyo hakuibania salamu hiyo dobini. Chini ya nyumba waliyopanga aliishi bibi mmoja, mwenyeji wa nchi ile, aliyetembea kwa mkongojo. Kila walipokutana asubuhi kwenye ngazi, bibi akishuka kidato kimoja kimoja, Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima na kumpa neno lile. Bibi alimkazia macho, kisha akajitahidi kuongeza mwendo.

Asubuhi moja bibi uvumilivu ukamwisha. Alisimama, akaegemeza mkongojo ukutani, akauliza jambo ambalo Fundi hakulielewa. Fundi, akidhani hakusikika, akalirudia neno kwa sauti zaidi. Hapo bibi akaanza kukimbia bila kuondoka aliposimama, mikono ikipepea, ulimi nje. Akamwonyeshea Fundi kidole, akalitamka lile neno, kisha akakimbia tena.

Fundi akaelewa. Muda wote huo alikuwa akimwambia ajuza wa watu, "Fanya haraka!"

Alitamani ngazi zipasuke zimmeze. Lakini bibi alikuwa ameshika mbavu, machozi ya kicheko yakimtiririka. Alipotulia alimshika mkono, akamfundisha salamu ya kweli, silabi kwa silabi, kama anayemlisha mtoto uji.

Tangu hapo Fundi hakupanda kwao jioni kabla ya kupita kwa bibi. Maneno yalikuja polepole. Alipoona pazia la bibi limefumuka upindo, aliomba sindano kwa ishara, akalishona. Mara ya kwanza uzi ulikataa tundu, na mara ya pili pia. Ya tatu ukakubali. Bibi akafurahi mno. Akampeleka kwa mwenzake wa kucheza naye karata, mwanamke mwenye duka la kushona magauni mtaa wa pili.

Mwenye duka alimpa kipande cha hariri na kumkalisha kwenye cherehani. Vidole vilisita, kisha vikakumbuka.

"Mkono nimeuona," mwenye duka alisema taratibu ili aeleweke. "Mtu ndiye simjui. Nataka aliyefanya kazi nawe hapa nchini anipigie simu, aniambie tabia yako. Usichelewe, kuna mwingine anaingoja nafasi hii."

Huyo angekuwa nani kama si Mjomba? Na Mjomba, kwa bahati mbaya, alikuwa amenuna. Asubuhi ya siku hiyo Fundi alikuwa amemnong'oneza Kasuku maana ya ile salamu, akasahau kwa nini Kasuku aliitwa Kasuku. Kabla ya chai chumba kizima kilikuwa na habari.

"Kwa hiyo, Balozi," Kasuku alipiga kelele, "miaka yote hii tunamwamuru bosi afanye haraka! Ndiyo maana hakai!"

Watu walivunjika mbavu. Mjomba hakucheka. "Umekuja jana," alimwambia Fundi, "leo unanifundisha kusema."

Jioni hiyohiyo, wakila, Fundi alipiga moyo konde.

"Mjomba, nimepata kazi ya kushona. Duka la rafiki wa bibi wa chini. Wanataka mtu wa kunisemea kwa simu."

Mjomba aliweka kijiko chini. "Yaani mimi niliyekuingiza, nikutoe kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Useme tu unavyonijua."

"Nilimwambia msimamizi, huyu ni damu yangu, hatakuangusha. Ukiondoka, kesho nikimpelekea mdogo wako atanisikiliza? Wewe unaona mashuka. Mimi naona mlango, na mlango ule unafunguliwa na neno langu tu."

"Najua, Mjomba. Bila mlango ule ningelala wapi? Lakini sote tumepita humohumo, na sote tuko chumba kimoja. Hakuna kati yetu anayemjua mtu wa nje, hata wa kutwambia tunakosea salamu."

Hakuwahi kumwambia Mjomba maneno mengi kiasi hicho. Aliinamisha kichwa akingoja kufokewa. Hapo bomba la maji ndani ya ukuta likaanza kugonga, kama lilivyogonga kila jioni, na Mjomba akatega sikio.

"Hewa hiyo," alisema kama anayeongea na ukuta. "Wangefungua koki ya juu kidogo tu, kelele zingekwisha."

"Kumbe mabomba unayajua?"

"Nilikuwa fundi bomba, mwanangu. Mama yako hakukuambia?" Alikitazama kiganja chake. "Nilipofika, mtu pekee niliyemjua alikuwa dobi. Nikawa dobi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na wa kumwambia."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo namba."

Alizungumza kwa lugha yake ya dobini, iliyochechemea lakini ikafika. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Nimefanya naye kazi. Hachelewi, hadanganyi. Akiondoka, msimamizi wangu atanikasirikia mimi. Hata hivyo, mchukue." Akasikiliza, akaitikia mara kadhaa, akakata simu.

"Anasemaje, Mjomba?"

"Jumatatu uwe dukani."

Fundi alimwangukia begani akilia.

"Taratibu, usinilowanishe shati. Hili nimelipiga pasi kwa mkono wangu."

Alipokwisha kukusanya vyombo, Fundi alimkuta Mjomba bado ameketi, akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Huyo bibi wa chini," Mjomba alisema hatimaye, "anacheza karata na kina nani wengine?"

"Wengi, Mjomba. Karibu mtaa mzima."

"Hakuna wa mabomba kati yao?"

"Twende tukamuulize," Fundi alijibu, na Mjomba tayari alikuwa anatafuta viatu vyake.

Wakashuka ngazi pamoja, mpwa mbele, mjomba nyuma. Magogo yaliyolala rundo moja huegemeana vizuri, lakini hayasogezani. Hakika mti hauendi ila kwa nyenzo.