Krismasi ya Watu Wanne

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wa habari hii nitawatwika swali ambalo mimi mwenyewe limenishinda.

Kule Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, palikuwa na mama mjane aliyeitwa Anansia, na watu watatu waliompenda. Wa kwanza ni mwanawe mkubwa, Elinami. Kipaji chake kilikuwa kusema kweli mbele ya yeyote bila kupepesa macho. Wa pili ni bintiye Ndeshi, mtu wa kusikiliza. Ukikaa naye unajikuta umesema hata lile ulilokusudia kulificha. Wa tatu hakuwa wa damu yake. Huyo ni Aikande, mjane wa Godlisten, mtoto wa katikati wa Anansia aliyefariki miaka sita nyuma. Kipaji cha Aikande kilikuwa mikono. Jiko la watu hamsini aliliendesha peke yake, na husikii sufuria zikigongana.

Kila Krismasi ukoo mzima ulipanda kwa Anansia. Walikuta mbuzi wamechinjwa, mbege, ile pombe ya ndizi, imeiva, vitanda vimetandikwa. Yeye alikula akiwa amesimama, chakula kimeshapoa, na Januari nzima alilala akiugua. Mwaka ule daktari aliwaita pembeni wale watatu.

"Moyo wa mama yenu umechoka," aliwaambia. "Pilikapilika kama za mwaka jana hatazimaliza."

"Basi iwe Krismasi ndogo," Aikande akasema. "Sisi wanne tu."

Wenzake wakakubali. Kusema kulikuwa rahisi.

Elinami alishika simu akawazuia jamaa mmoja mmoja. Sababu hakuitaja, kwani mama hakutaka ugonjwa wake utangazwe. Ilipofika zamu ya baba yake mdogo, mtu aliyemlea tangu baba yao alipofariki, huyo alipandisha sauti.

"Unanifungia mlango wa nyumba ya kaka yangu?"

"Mwaka huu, ndiyo, baba."

"Basi usinijue tena."

Elinami alifuta uso kwa kiganja, akapiga namba iliyofuata.

Ndeshi aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaja hivyo hivyo. Alijua mama yake hawezi kukaa. Hata nyumba ikiwa tupu, angeinuka kutafuta ufagio. Ndeshi akamketisha kibarazani, akamfumua nywele, akamuuliza habari za zamani. Siku ya tatu mama alianza kusimulia habari za Godlisten, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia msibani, kwa sababu siku zile alikuwa akiwahudumia waombolezaji. Tangu hapo hakugusa ufagio tena. Baadaye Ndeshi aliporudi kazini, alikuta mtu mwingine amekaa kwenye meza yake.

Aikande naye alikuwa amemwahidi mama yake mzazi, kule Upare, kwamba safari hii lazima aende. Tangu afiwe na mume hakuwa ameonana naye Krismasi hata moja.

"Mama, nisamehe. Na mwaka huu siji."

"Haya, mwanangu. Tumeshazoea."

Aliyasema taratibu, bila ukali, na hilo lilimuuma Aikande kuliko kama angegombezwa. Aliingia jikoni akiwa nalo kifuani. Hakuchinja, hakupika mbege. Alipika chungu kimoja cha machalari, ndizi zimelainika, chumvi kidogo kama daktari alivyotaka. Alihakikisha hakijabaki hata kikombe kimoja cha kumfanya mama mkwe ainuke kwenda kukiosha.

Siku ikafika. Walitoka ibadani wakitembea polepole, wakakaa mezani wanne. Mama Anansia alipuliza kijiko chake.

"Cha moto!" akasema, akacheka. "Miaka arobaini sijala Krismasi chakula cha moto."

Mchana alisinzia kwenye kiti, manyunyu yakipiga migomba nje. Aikande alimtazama. Uso ule ulikuwa umetulia kuliko alivyowahi kuuona, na badala ya furaha akahisi woga.

Siku ya nne baada ya Krismasi mama akaishiwa nguvu. Alitoa chini ya mto kitabu chake cha nyimbo. Ndani yake marehemu mumewe alikuwa ameandika kwa mkono wake siku aliyozaliwa kila mtoto, na Anansia mwenyewe akaandika siku aliyokufa Godlisten.

"Apewe yule aliyenipa Krismasi hii," alisema.

"Yupi, mama?" Ndeshi akauliza.

Mama alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua tena.

Baba mdogo hakuja kuzika. Baada ya mazishi wale watatu walikaa, kitabu kikiwa katikati yao.

"Ningeuacha mlango wazi," Elinami alisema, "mngempumzisha vipi kati ya watu hamsini?"

"Mlango ulifungwa, kaka, na mama bado alikuwa akisimama," Ndeshi akajibu. "Mimi ndiye niliyemketisha."

Aikande aligusa jalada la kitabu. Kisha akasema, "Jiko lingekosa mtu, angeingia mwenyewe. Nanyi mna damu yake. Mimi katika nyumba hii nimebakiwa na nini, zaidi ya jina la mume wangu humo ndani?"

"Wifi, na baba yetu yumo humo," Ndeshi akasema, akilia.

Walimwita mchungaji. Aliwasikiliza wote, akawaomba warudie, akawasikiliza tena. Mwisho akasema hajui. Kukata kurasa ili wagawane hakuna aliyethubutu. Kitabu kikakaa kwenye kabati la mchungaji, na Krismasi iliyofuata nyumba ya Anansia ilifungwa. Kila mmoja alikula kwake, peke yake.

Sasa ninyi mliokaa hapa: mmoja alibeba chuki za ukoo, mmoja akapoteza kazi, mmoja akamvunjia ahadi mama yake mzazi. Kitabu ni kimoja. Ungekuwa wewe ndiye mchungaji, ungemkabidhi nani?